Nimeonja Julius ya Tree House: maoni ya Mchaga aliyekulia kwenye mbege

Kopo ni la rangi ya chungwa na limeandikwa Julius. Mtanzania gani atakayeona jina hilo asimkumbuke Mwalimu? Nilicheka peke yangu kwenye foleni, mzee aliyekuwa nyuma yangu akatabasamu pia. Nadhani alidhani nafurahia bia.

Inatengenezwa na Tree House, kiwanda kilichoanza mwaka 2011 hapa Massachusetts, Marekani, na tangu 2017 kina nyumba kubwa pale Charlton, kando ya barabara namba 20. Mimi naishi Worcester, kwa hiyo kwa gari ni karibu tu. Kwenye maduka ya pombe ya kawaida usiitafute, unaifuata kwao wenyewe. Shemeji yangu ndiye aliyenisumbua wiki tatu mfululizo: "Mangi, twende ukaonje bia inayofanana na juisi." Nilikuwa nakataa, na nilikuwa na sababu.

Mwaka jana nilinunua bia ya aina hii hii, IPA ya ukungu, yaani bia ya hopsi nyingi isiyo angavu, ya kiwanda kingine, kwenye duka moja la mtaani. Nilipoimimina ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala, inanuka boksi lililolowa, na kwa mbali kitunguu. Nikageuza kopo kuangalia chini: ilijazwa miezi mitano nyuma, na mle dukani ilikuwa imepangwa kwenye rafu, si kwenye friji. Nikamwaga. Nikajiambia hawa watu wanauziana machicha.

Baadaye ndiyo nikaelewa kilichotokea. Bia hizi zinategemea harufu ya hopsi, lile ua chungu linalotiwa kwenye bia. Hopsi ikichemshwa muda mrefu hutoa uchungu lakini harufu yake hupaa na mvuke. Kwa hiyo wao huitia nyingi mwishoni, bia ikiwa imeshapoa na hamira ikiwa kazini au imemaliza, kama vile mtu anayetia hiliki chai ikiwa imeshaepuliwa. Harufu inabaki. Ila ni harufu isiyodumu: ikikutana na hewa na joto, huondoka, na rangi nayo hugeuka kuwa ya kahawia. Ukungu wenyewe unatokana na hopsi hizo pamoja na protini za nafaka, hasa wale wanaoongeza ngano na oti, na bia haichujwi.

Wamarekani wanaizungumzia kama uvumbuzi. Sifa nyingi hupewa Heady Topper ya Vermont, ya kiwanda cha The Alchemist, ambayo ina asilimia 8 ya kilevi na kopo lake lenyewe linakuambia unywe humo humo usimimine. Ilipofika 2018 ndipo chama cha watengenezaji bia wa Marekani kilipoiingiza aina hii kwenye orodha yake rasmi. Mimi nimezaliwa Marangu. Bibi yangu alikuwa akipika mbege, na sijawahi kuona mbege inayoonyesha upande wa pili wa kata. Kwa hiyo mtu akinieleza maajabu ya bia isiyochujwa, namsikiliza kwa adabu tu.

Lakini ni bibi huyo huyo aliyenipa kipimo cha kuihukumu hii Julius. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, zikaachwa siku kadhaa, kisha zikachanganywa na mso, uji wa kimea cha ulezi. Ndani yake anatia msesewa, gome chungu la mti. Msesewa ukipungua, una uji mtamu ulioanza kuchacha. Ukizidi, wazee wanakunja uso na kata inarudi ikiwa imejaa. Kazi yote iko hapo katikati.

Haya, tuonje. Nimeitoa kwenye friji nikaiacha mezani dakika kumi. Najua nyumbani tunauliza "ya moto au ya baridi" na baridi yenyewe tunaitaka ya kuganda, lakini hii ikiwa baridi mno inafunga mdomo, husikii kitu. Nikamimina kwenye glasi pana. Rangi ya juisi ya embe, povu jeupe linalokaa bila haraka. Pua: embe dodo, pasheni, na ganda la chungwa ulilolibana sasa hivi kwa kucha. Mdomoni ni laini, haina gesi ya kukuchoma, utamu unatangulia. Kwa sekunde mbili tatu nilifikiri shemeji amesema kweli, ni juisi.

Kisha uchungu ukaja. Haukuja mbele kwa vurugu, ulipanda taratibu kutoka nyuma ya ulimi, ukausomba utamu wote na kuacha mdomo mkavu kidogo, unaotaka funda lingine. Ni msesewa kabisa. Bia nyingi za ukungu nilizoonja baada ya hapo zina embe na hazina huu uchungu wa kulishika embe, na nyingine zimejazwa hopsi mpaka koo linawasha kama umemeza pilipili manga.

Tahadhari moja: ina asilimia 6.8, wakati Kilimanjaro niliyoizoea ina 4.5, na kopo ni kubwa, mililita 473. Kwa kuwa haina ukali, hujui umefika wapi mpaka unaposimama. Kwangu ni kopo moja, kwa chakula. Niliijaribu na nyama choma na kachumbari yenye ndimu, ikakubali sana. Na mtori haikupatana nao, vitu viwili vizito vinagombania tumbo. Anayependa bia nyepesi ya kunywa jioni nzima huku mpira unaendelea, hii haimfai, na bei yake pia itamuuma.

Naipa 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa sababu ya utamu wa mwanzo, ambao kwa ulimi wangu ungepungua kidogo.

Niliyoonja ilikuwa na siku sita tangu ijazwe. Makopo mawili nimeyaficha nyuma ya maziwa kwenye friji, na shemeji ameshapiga simu kuuliza kama bado yapo.