Ubao wa kijani na mchwa wa Goba

Mbao za MDF za kabati la jikoni nilizinunua mwenyewe, duka moja hapa Dar (jina naliacha), fundi wa Keko akanichongea. Muuzaji aliugonga ubao kwa kidole: "Hii ya kijani, kaka, mchwa hagusi." Nikalipa.

Mwezi wa nane nasogeza mtungi wa gesi, naona uzi wa udongo umepanda ukutani hadi mgongoni mwa kabati. Nikabonyeza, kidole kikazama. Mbele bado linang'aa kama siku ya kwanza, ndani tope kavu na ungaunga.

Kumbe ile rangi ni alama ya kustahimili unyevu tu. MDF ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Kwa mchwa ni ugali ulioiva, labda iwe imetiwa dawa kiwandani, kama ile ya boroni. Ulizeni, na waandike kwenye risiti. Mimi yangu imeandikwa "bodi 6", basi.

Haki yao watu wa duka niwape: walikata mistari imenyooka, na guta la kuleta hawakunidai. Nyota mbili. Fundi yuko jikoni sasa hivi, anapima fremu ya mninga.