Ushauri wa kiwewe hapa Malindi, nawapa nyota 4

Nlimpeleka mwanangu wa miaka 5 kwa mshauri mmoja wa kibinafsi hapa mjini, miezi mitatu baada ya mashua kupinduka akiwa na babake, wote walitoka salama alhamdulillahi ila kijana akaanza kukojoa kitandani tena na mchezo wake ukawa mmoja tu, kuzamisha chupa kwenye beseni, anaitoa, anazamisha tena, kutwa. Mamangu kashikilia ni jini la baharini 😅

Yule bi wa pale hakukimbilia dawa. Kamwachia vitu vya kuchezea akawa anamtizama tu, mimi akaniuliza usingizi wake, hasira, anavyoganda akiskia mawimbi. Kasema hii kitu haina kipimo cha damu, na dalili lazima zipite mwezi mmoja ndo waiite ugonjwa wa kiwewe, yaani akili kubaki na hofu ya tukio lililopita, na watoto wa miaka 6 kushuka chini wana vigezo vyao manake hawawezi kujieleza kama mkubwa.

Babake naye kapewa fomu ya maswali 20, kila swali unajipa 0 mpaka 4, akakataa weee mwisho kajaza, alama ziko juu! Lakini fomu peke yake haitoshi, wakamweka chini wakamhoji. Kumbe ile kukwepa ufuo na kuruka mlango ukigongwa si uchovu.

Kasoro ni kungoja saa mbili kwenye joto, feni mbovu, na ukuta mwembamba hadi unaskia siri za watu. Hapo warekebishe jamani. Jumatano tunarudi, wote watatu.