Mashimo ya chunusi: krimu, sindano na matone ya tindikali

Chunusi ziliniisha nikiwa na miaka 26, zikaniachia mashimo mashavu yote mawili. Miaka miwili nikapaka krimu za kuondoa makovu. Madoa meusi yalififia kweli, mashimo yakabaki palepale. Krimu ilinisaidia upande wa rangi, basi. Shimo ni nyama iliyopungua ndani, halijazwi kwa kupaka.

Daktari wa ngozi alizima taa ya juu, akanimulika kwa tochi kutoka ubavuni, kila shimo likatoa kivuli chake. Kisha akalivuta shavu kwa vidole viwili. Mashimo mapana yakapotea. Yale membamba, kama tundu la sindano, hayakubadilika. Aina hizo mbili, akasema, hazitibiwi kwa njia moja.

Yale mapana huvutwa chini na nyuzi ngumu za kovu, kwa hiyo sindano hupitishwa chini ya ngozi kuzikata. Nilichomwa ganzi, maumivu sikuyasikia, lakini sauti ya nyuzi kukatika niliisikia hadi sikioni, krr krr, kama kitambaa kinachochanwa. Damu ikavilia shavuni siku kumi nzima.

Matundu membamba yalitiwa tone la tindikali kali kwa ncha ya kijiti. Kila tundu likageuka jeupe papo hapo, baadaye kigaga. (Tafadhali, hili usilijaribu nyumbani.)

Halafu mashine ya visindano, mara nne, kila baada ya wiki sita, ili ngozi itengeneze kolajeni mpya, yaani protini inayoishikilia. Krimu ya ganzi ilikaa dakika 45, ila kwenye paji la uso bado niliuma meno. Siku tatu ngozi ilikwaruza kama msasa. Leza, yaani matibabu ya miale ya mwanga, daktari aliikataa mwenyewe, akihofia ngozi yangu nyeusi ingeota madoa mapya.

Kosa langu: baada ya kikao cha pili niliacha kinga ya jua kwa wiki moja. Madoa yakarudi, na kuyafifisha tena kukanila miezi mitatu.

Nusu mwaka baadaye, mapana yamepungua kama nusu hivi kwa picha nilizojipiga dirisha lilelile, saa ileile. Za kliniki siziamini, ya "baada" walinipiga taa ikiwa usoni kabisa. Kwa taa hiyo hata shimo la mwanzo lisingeonekana. Membamba mengi yamepanda kidogo. Moja kando ya pua liko vilevile, na nimeshapangiwa tone jingine.