Jallianwala Bagh, Amritsar: Kuta Zenye Matundu ya Risasi

Anayezuru bustani hii ya mjini Amritsar, katika jimbo la Punjab, India, iliyo karibu na Hekalu la Dhahabu la dini ya Sikh, halipi kiingilio, na huingia kwa kichochoro kilekile chembamba ambamo, tarehe 13 Aprili 1919, Reginald Dyer, jenerali wa jeshi la Uingereza, aliwapitisha askari wake 50, ambao waliufyatulia umati uliokusanyika humo risasi 1,650 kwa takriban dakika kumi bila kutoa onyo. Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti 379. Chama cha Congress, kilichopigania uhuru wa India, kilikadiria karibu 1,000. Matundu yaliyowekewa alama ukutani, pamoja na kisima walimojitupa watu, yanatosha kumnyamazisha mgeni, na kwa sababu hiyo sikupendezwa na michongo iliyopachikwa kichochoroni wakati wa ukarabati wa 2021, kwani pembamba pale palitisha vya kutosha bila mapambo.

Langoni imesimama sanamu ya Udham Singh, aliyemuua Michael O'Dwyer, gavana wa Punjab wakati wa mauaji hayo, jijini London mnamo Machi 1940, akanyongwa Julai. (Majina yanakaribiana, lakini Dyer mwenyewe alikufa kwa maradhi mwaka 1927.) Nashauri kwenda asubuhi, kabla umati haujajaa.