Uzoefu wangu na waya wa kupasha joto mabomba, Minnesota, Marekani

Wageni wa Minnesota huhangaikia bomba la nje la bustani, wakihofia maji yatagandia ndani na kulipasua. Hilo halina shida: kabla baridi haijakolea unalifunga kwa ndani, unalimwaga maji, yameisha. Linaloleta balaa ni lile lililojificha, kama letu, linalopita juu ya gereji isiyo na hita kwenda kwenye sinki ya jikoni. Nje ikifika nyuzi 7 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, bomba la namna hiyo huwa hatarini, na hapa Minneapolis tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi 33 chini ya sifuri.

Fundi bomba alinieleza jambo ambalo sikulijua. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini mara nyingi bomba halipasukii pale penye barafu. Barafu huziba njia, kisha huyabana maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Hayana pa kutokea, presha inapanda, bomba linaachia. Ndiyo sababu watu huacha koki ikidondosha usiku kucha. Inasaidia, ila kwa mtu aliyekulia kwenye foleni ya jerikeni, kulala huku ukisikia maji yakimwagika bure ni adhabu.

Basi nikanunua waya wa umeme wa kupasha bomba, ule unaojirekebisha wenyewe: ndani yake, katikati ya nyaya mbili, mna plastiki inayopitisha umeme mwingi kukiwa na baridi na kidogo joto likipanda. Upo wa bei nafuu unaotoa joto lilelile wakati wote. Huo ukijikunja juu yake wenyewe unaweza kuungua, kwa hiyo niliuacha dukani.

Kuufunga ni kazi ya mchana mmoja. Unaunyoosha kando ya bomba, unaushika kwa selotepu kila baada ya futi moja, kisha unavika ile mirija ya sponji iliyochanwa upande mmoja. Kitu cha kuangalia sana ni kile kidude cha kupima baridi: lazima kigusane na bomba, sehemu yenye baridi kuliko zote. Kikining'inia hewani kinapima hewa. Sponji peke yake, bila waya, haizalishi joto; inachelewesha tu.

Bomba letu halijaganda tangu hapo, na bili ya umeme haikunishtua. Malalamiko ninayo lakini. Waya unakuja na urefu wake na haukatwi, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Taa ya kwenye plagi ni hafifu mno, mchana huwezi kujua kama inawaka. Na maelekezo yanakataza kuunganisha na ekstensheni, wakati gereji za zamani zina soketi moja iliyo mbali, tena unatakiwa uwe na ile inayojikata umeme ukivuja. Mimi ilibidi nimlipe fundi umeme, na gharama yake ilizidi bei ya waya.

Umeme ukikatika, waya ni kamba tu. Hapo rudi kwenye koki ya kudondosha, na hakikisha kila mtu nyumbani anajua ilipo koki kuu.

Naupa nyota nne. Mpangaji, mwachie mwenye nyumba agharamie.