Uzoefu wangu wa kuweka hifadhidata ya viwango katika programu ya mashindano ya chesi

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiamua mashindano ya chesi kwa kutumia programu moja ya kupanga jozi, na upangaji wenyewe kwa mfumo wa Uswisi, unaokutanisha kila raundi wachezaji wenye pointi zinazokaribiana, haujawahi kuniangusha. Kilichonitoa jasho ni hatua inayotangulia, yaani kuweka hifadhidata ya viwango vya wachezaji, yaani namba zinazoonyesha uwezo wa kila mmoja, kabla ya kumsajili hata mmoja.

Ukisoma maelekezo, kazi ni nyepesi. FIDE, shirikisho la chesi duniani, hutoa orodha mpya ya viwango kila tarehe 1 ya mwezi, katika faili ya maandishi au ya XML iliyobanwa. Unaipakua, unaifungua, kisha unaionyesha programu ilipo. Kwa kuwa orodha hiyo ina mamia ya maelfu ya wachezaji, mara ya kwanza nilimaliza kupanga mbao kumi na mbili na saa zake huku kompyuta yangu kuukuu ikiwa bado haijafika nusu. Ikishaingia, hata hivyo, raha yake huionei shaka: unaandika namba ya FIDE ya mchezaji, na papo hapo jina, shirikisho, mwaka wa kuzaliwa, cheo na kiwango vinajijaza.

Tatizo ni kwamba programu hii humtafuta mchezaji kwa jina usipoiamuru vinginevyo. Katika shindano moja nilimsajili kijana kwa kuchagua jina la kwanza lililojitokeza, nikabandika ukutani jozi za raundi ya kwanza, na dakika chache baadaye akanijia akiwa ameshika simu. “Mwamuzi, shikamoo. Huyu mwenye 2100 si mimi, mimi nina 1530.” Alikuwa amepewa kiwango cha mtu wa shirikisho jingine kabisa, aliyeshabihiana naye jina. Kwa kuwa raundi ya kwanza hukutanisha nusu ya juu ya orodha na nusu ya chini, kosa la mtu mmoja lilivuruga karibu kila meza, nikalazimika kufuta jozi zote na kuanza upya. Tangu siku hiyo simsajili mwenye kiwango bila namba yake, hata akiwa ni mtu ninayemfahamu kwa sura.

Jingine ni kwamba FIDE huweka viwango vitatu tofauti: vya mchezo wa kawaida, vya mchezo wa haraka na vya ule wa dakika chache. Programu yangu huchukua vya kawaida bila kuuliza, ilhali shindano la dakika 15 kwa kila mchezaji, na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua, ni la haraka. Chaguo lipo, lakini limefichwa ndani ya menyu ambayo mgeni hana sababu ya kuifungua.

Kwa wasio na kiwango cha FIDE unaweza kupakia orodha yako mwenyewe. Hapa nilipoteza jioni nzima, kwani majina yalikuwa yameandikwa ukoo kwanza, kisha mkato, kisha jina la mtu, na programu ikauhesabu mkato ule kama mwisho wa safu. Mwaka wa kuzaliwa ukaishia kwenye safu ya kiwango, nami nikawa na chipukizi wenye 2011. Nilipotenganisha safu kwa nuktamkato, kila kitu kilikaa mahali pake.

Ninaendelea kuitumia, ila nina lalamiko moja ambalo sasisho zote hazijaligusa: skrini ya usajili haionyeshi orodha iliyomo ni ya mwezi gani. Machi 2024, FIDE ilipowapandisha wachezaji waliokuwa chini ya 2000, mwenye 1500 alifika 1700, kwa hiyo aliyesahau orodha ya Februari ndani ya mashine alikuwa akipanga jozi kwa viwango vilivyopitwa kwa pointi mia mbili. Mimi huandika mwezi na mwaka kwenye jina la faili kabla ya kuipakia, na ile ya zamani naifuta.