Tathmini ya kazi: karakana ya mabomba ya Nyakato na tangi la samaki wa maji chumvi

Tathmini hii inahusu karakana ya ufundi bomba iliyoko Nyakato, jijini Mwanza, ambayo niliikabidhi kazi ya kubomoa na kujenga upya mabomba ya tangi langu la samaki wa maji chumvi. Jina lake silitaji, kwa kuwa pamoja na sifa nyingi ninazowapa, ninayo malalamiko mawili. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300 likijaa hadi ukingoni. Chini yake, ndani ya kabati, limo tangi dogo la kuchujia ambalo wafugaji wa samaki wa mapambo hulitaja kwa jina la sampu. Maji huporomoka hadi kwenye sampu kwa uzito wake yenyewe, kisha pampu huyarudisha juu.

Mabomba ya awali yaliwekwa na fundi wa kawaida wa majumbani, na yalikuwa na kasoro zote ambazo mtu angetarajia. Bomba la kushushia maji lilikuwa la robo tatu ya inchi, sawasawa na la kupandishia, na kila kona ilikuwa na elbo ya nyuzi 90. Matokeo yake yalikuwa mlio wa kugugumia usiku kucha, uchafu kutuama nyuma ya mawe ambako maji hayakufika, na sampu kufurika kila umeme ulipokatika. Simlaumu sana fundi huyo. Aliyezoea kuunganisha bafu na jiko hufanya kazi na maji yenye msukumo, yatokayo kwenye simtanki la juu ya paa au kwenye mtandao wa jiji, na maji ya namna hiyo hupita hata penye bomba jembamba. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la samaki hayana msukumo wowote zaidi ya kimo chake, kwa hiyo yanahitaji njia pana, fupi na isiyo na vizuizi.

Hapo ndipo karakana hii ilipoonyesha ubora wake. Fundi mkuu hakuanza kwa kuorodhesha vifaa; alianza kwa kupima. Alichukua ndoo ya lita 20, akaikinga kwenye mdomo wa bomba la kurudishia na kuhesabu sekunde hadi ijae. Zilikuwa 80, yaani lita 900 kwa saa, ilhali boksi la pampu limeandikwa lita 3,000. Tofauti hiyo si udanganyifu wa mtengenezaji, kwani kipimo cha kwenye boksi ni cha pampu isiyopandisha maji popote. Kila sentimita ya kimo hupunguza mtiririko, na kila kona huongeza mzigo: elbo moja ya inchi moja yenye nyuzi 90 huyazuia maji kwa kadiri ya karibu robo tatu ya mita ya bomba lililonyooka.

Bomba la kurudishia lilibadilishwa likawa la inchi moja, ambalo eneo la uwazi wake linakaribia kuwa mara 1.8 ya lile la robo tatu, na kona kali zikabadilishwa kwa jozi za kona za nyuzi 45. Pampu ni ileile. Ndoo sasa hujaa kwa sekunde 48, yaani lita 1,500 kwa saa, kiasi ambacho huyapitisha maji ya tangi zima kwenye sampu takriban mara tano kwa saa, na kwa tangi la aina yangu hicho kinatosha kabisa. Mkondo wa kuyatikisa matumbawe hutoka kwenye pampu mbili ndogo zilizobandikwa ndani ya kioo, na kazi hiyo haikuwahusu wao.

Kwa upande wa kushushia, waliweka mabomba mawili ya inchi moja na robo. La kwanza lina geti valvu, yaani koki ya kurekebisha mtiririko, ambayo hukazwa taratibu mpaka bomba lijae maji pasipo hewa, na hapo mlio hukoma. La pili ni la dharura: mdomo wake uko juu kidogo ya ule wa kwanza, halina koki yoyote, na huanza kufanya kazi pale tu konokono au jani la mwani linapoziba la kwanza. Likianza kutumika linapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo taarifa. Pampu nayo iliwekewa yunioni, yaani kiungo cha kufunguliwa kwa kuzungusha, hivyo naweza kuitoa na kuiloweka katika siki bila kukata bomba. Gundi waliiacha ikauke usiku kucha kabla ya kufungulia maji, jambo ambalo mafundi wengi wenye haraka hawalifanyi.

Lalamiko la kwanza ni la vifaa. Geti valvu waliyokuja nayo ilikuwa ya shaba ya manjano (brasi), kama zinavyouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini. Maji ya chumvi huila madini hiyo na kuachia shaba majini, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huua kamba, konokono na matumbawe. Niliikataa, nikaambiwa kwamba "zote ni koki tu". Ya plastiki ilibidi iagizwe Dar es Salaam na kupokelewa kama kifurushi cha basi katika stendi ya Nyegezi, kwa gharama yangu. Karakana inayokubali kazi ya maji chumvi ilipaswa kulijua hilo kabla ya kutoa makisio.

Lalamiko la pili lina uzito zaidi. Walifunga valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, wakaona kwamba midomo ya bomba la kurudishia inaweza basi kuachwa sentimita 15 chini ya uso wa maji ili kupunguza sauti. Valvu hizo hufanya kazi vizuri zikiwa mpya. Baadaye huota mwani na minyoo yenye magamba ya chokaa, zikashindwa kufunga. Hesabu ya tangi hili ni rahisi: kila sentimita ya kimo ni lita 6, kwa hiyo umeme ukikatika na valvu ikigoma, lita 90 zitashuka kwenye sampu yenye nafasi ya lita 60. Kila lita ina takriban gramu 36 za chumvi maalumu ambayo haipatikani kirahisi kwenye ufuo wa ziwa la maji baridi, mbali zaidi ya kilomita 700 na Bahari ya Hindi. Niliwataka waipandishe midomo hadi sentimita 2 chini ya uso, na sasa pampu ikizimwa hushuka lita 12 tu.

Kuipandisha kuna faida nyingine ambayo hawakuifikiria, nayo inatuhusu sisi wa kanda hii hasa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko maji baridi. Samaki wa baharini anayefugwa Pasiansi, hapa Mwanza, ana akiba ndogo ya hewa kuliko mwenzake wa Tanga, hivyo uso wa maji lazima uvurugwe muda wote, na midomo iliyo karibu na uso ndiyo inayouvuruga.

Ufundi ulinigharimu shilingi 180,000 bila vifaa, na naiona bei hiyo kuwa ya haki. Anayetaka kuwapa kazi aende na koki za plastiki mkononi na aandike mwenyewe kimo cha midomo ya bomba. Dhamana yao ni ya miezi mitatu, na wanaiheshimu: ukoko mweupe wa chumvi ulipojitokeza kwenye kiungo kimoja cha sampu, ishara ya mvujo usioonekana kwa macho, walikuja siku iliyofuata wakakikata na kukibadilisha bila malipo.